Banda Linatimiza Ahadi, Timu Haitimizi: Tathmini ya Kibanda Umiza cha Kirumba

Banda ninalolitathmini liko Kirumba, upande wa kuelekea soko la samaki la Mwaloni, katika uchochoro wa mafundi wa injini za mitumbwi. Halina kibao wala jina. Anayeliulizia huambiwa atafute ubao mweusi ulioegemezwa mlangoni, ambao juu yake mwenye banda huandika kwa chaki mechi za siku, saa za kuanza kwa majira yetu, na kiingilio. Kwa umbo ni kibanda umiza, yaani banda la kutazama mpira kwa kiingilio, kama vilivyo vingine vingi hapa Mwanza: kuta za mabanzi, paa la bati, turubai jeusi lililotandazwa kwa ndani ili mwanga wa mchana usiharibu picha, na mabenchi ya mbao yaliyopangwa kwa safu zinazopanda kidogo kuelekea nyuma. Nimelitumia kwa msimu wote wa 2024/25 na mwanzoni mwa msimu uliofuata, nikiwa shabiki wa Manchester United, na naamini ushabiki huo unanipa nafasi nzuri ya kulitathmini kuliko mtu ambaye timu yake ilikuwa ikishinda. Banda lolote huonekana zuri wateja wake wanapotoka wakiimba. Ubora wake hujulikana pale watu walipokwisha kulipa, wameketi bega kwa bega katika joto, na timu yao inafungwa nyumbani na timu waliyoamini wataifunga.

Kiingilio ni shilingi 500 kwa mechi za kawaida na shilingi 1,000 kwa mechi kubwa, na Manchester United, pamoja na matokeo yake yote, imeendelea kuhesabiwa katika mechi kubwa kwa sababu bado inajaza mabenchi. Kwa fedha hiyo mteja ananunua vitu viwili kwa pamoja, yaani huduma ya banda na mchezo wa timu yake. Mwenye banda anawajibika kwa cha kwanza, na amekitimiza kwa kiwango ambacho ningefurahi kukiona katika biashara nyingi zaidi za mji huu. Cha pili kinatoka Old Trafford, uwanja wa nyumbani wa timu, na katika msimu huo kilitufikia kikiwa pungufu karibu kila wiki. Nitaviandikia vyote kwa pamoja, kwa kuwa ndivyo sisi mashabiki tunavyovipokea, kwenye benchi moja na kwa saa mbili zilezile.

Sifa kubwa ya banda hili ni kwamba kilichoandikwa ubaoni ndicho kinachoonyeshwa, kuanzia filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Asiyevizoea vibanda umiza anaweza kudhani kuwa hilo ni jambo la kawaida, lakini niliwahi kuwa mteja wa banda jingine, upande wa Mabatini, ambalo mwenye nalo alikuwa na tabia ya kuhamisha chaneli mara tu timu yetu inapofungwa bao la pili, kwa kuwa mashabiki wa timu nyingine walimpigia kelele awawekee mechi yenye ushindani. Waliolipia Manchester United waliambiwa wavumilie, na hakuna aliyerudishiwa kiingilio. Kirumba jambo hilo halifanyiki. Jumapili ya Pasaka, tarehe 20 Aprili 2025, ubao ulionyesha kwamba Manchester United ingecheza na Wolves saa 10 jioni. Ilikuwa mechi nzito kuitazama, yenye pasi nyingi za pembeni na mashuti machache ya maana, hadi dakika ya 77 Pablo Sarabia wa Wolves alipopiga mpira wa adhabu uliokwenda moja kwa moja wavuni. Vijana waliosimama nyuma wakaanza kuomba wawekewe mechi nyingine. Mwenye banda, ambaye ni mzee mstaafu mwenye sauti ya upole, aliwajibu bila kugeuka: "Wanangu, wenzenu hawa wamelipia dakika tisini." Mechi ikaendelea hadi mwisho, tukafungwa 1-0, na Wolves wakawa wametushinda nyumbani na ugenini katika msimu mmoja. Sikupata nilichokitaka kutoka kwa timu, lakini kwa mzee yule nilipata kila nilichoahidiwa.

Upande wa vifaa, picha hutoka kwenye projekta na kuangukia kitambaa cheupe kilichovutwa vizuri juu ya fremu ya mbao, bila mikunjo, na pembeni kuna runinga ya kawaida inayosubiri kama akiba. Jenereta iko nje, ndani ya kibanda chake kidogo, ili mlio wake usimeze sauti ya mtangazaji. Jambo lililonipendeza zaidi ni dogo na watu wengi hawalioni. King'amuzi hakitegemei umeme wa ukutani. Kimeunganishwa na betri ya sola iliyo chini ya meza. Anayetazama mpira katika mabanda anajua kwamba umeme ukikatika, kuwasha jenereta ni kazi ya dakika moja, ila king'amuzi kilichozimika huchukua muda kuamka na kutafuta mawimbi, na bao linaweza kufungwa katika muda huo. Hapa umeme ukikatika, sauti ya mechi inaendelea kusikika kupitia redio ndogo iliyounganishwa na betri hiyohiyo, kisha jenereta inaponguruma, picha inarudi mahali ambapo mchezo umefika. Mzee ameweka fedha yake katika kitu ambacho mteja hakioni, kwa sababu anajua ni nini kinachomuudhi mteja.

Ukiingia, upande wa kushoto wa mlango kuna ubao wa pili, mrefu na mwembamba, wenye msimamo wa Ligi Kuu ya Uingereza. Timu zote 20 zimeandikwa kwa mkono, na kila baada ya mzunguko mzee hufuta kwa kitambaa chenye maji na kuandika upya. Nafasi ya kwanza iko usawa wa kichwa cha mtu mzima. Nafasi ya 15, ambayo ndiyo tuliyomalizia, iko usawa wa goti, na aliyeketi benchi la pili hawezi kuisoma bila kuinama. Miaka niliyokuwa kijana, ubao wa namna hiyo ulisomwa kutoka juu na jicho halikuhitaji kushuka, kwa kuwa kocha Sir Alex Ferguson aliondoka mwezi Mei 2013 akiwa ameiachia klabu taji lake la 20 la ligi. Tangu hapo hakuna taji jingine la ligi lililopatikana. Kulikuwa na nafasi ya 7 katika msimu wa kwanza bila yeye, nafasi ya pili mara mbili, makombe kadhaa yaliyotupa matumaini, na nafasi ya 8 katika msimu wa 2023/24, ambayo wakati huo tuliiona kuwa ndiyo chini kabisa.

Takwimu za msimu wa 2024/25 zinaeleza ni kwa nini wateja wa banda hili walikuwa na huzuni. Timu ilishinda mechi 11 kati ya 38, ikatoka sare 9 na kufungwa 18. Ilifunga mabao 44 na kufungwa 54, ikamaliza ikiwa na pointi 42. Ilikuwa nafasi ya chini kabisa kwa klabu hiyo tangu msimu wa 1973/74, iliposhuka daraja. Kilichouma zaidi ni matokeo ya Old Trafford. Liverpool, Tottenham na Bournemouth, kila moja ilikuja na kuondoka na ushindi wa 3-0. Nottingham Forest walishinda 3-2, Newcastle 2-0, Brighton 3-1, Crystal Palace 2-0, Wolves 1-0, na West Ham 2-0. Hizo ni mechi tisa za ligi zilizopotea nyumbani, na katika saba kati yake hatukufunga hata bao moja. Mtu aliyelipia mechi hizo zote alilipia saa nyingi za kutazama lango la mpinzani kwa mbali.

Naomba nikae kidogo kwenye mechi moja kati ya hizo. Usiku wa tarehe 30 Desemba 2024, mechi ya Newcastle ilianza saa 5 usiku kwa saa zetu, na banda lilijaa kwa sababu watu wengi walikuwa mapumzikoni kuelekea mwaka mpya. Alexander Isak wa Newcastle alifunga dakika ya 4, mwenzake Joelinton akafunga dakika ya 19, na dakika ya 33 kocha wetu Ruben Amorim akamtoa mshambuliaji Joshua Zirkzee na kumwingiza Kobbie Mainoo. Kamera ilimfuata Zirkzee akitembea moja kwa moja kuelekea vyumbani, huku mashabiki waliokuwa uwanjani wakishangilia kutolewa kwake. Ndani ya banda hakuna aliyeshangilia. Mama mmoja anayeuza dagaa Mwaloni, ambaye ni shabiki wa siku nyingi na hukaa benchi la mbele karibu na ukuta, alisema kwa sauti ya kusikika, "Jamani, huyo ni mtoto wa mtu," na watu wakanyamaza. Nilijivunia kuwa miongoni mwao. Tulikuwa na hasira kama waliokuwa Manchester, na pengine zaidi, kwa kuwa baadhi yetu tungeamka saa 11 alfajiri kwenda kazini, lakini hasira yetu ilijua mahali pa kwenda. Zirkzee hakujisajili mwenyewe, hakujipanga mwenyewe, wala hakuchagua mfumo ambao ulimwacha katikati ya uwanja akiwa na mabeki watatu mgongoni.

Hapo ndipo malalamiko yangu kwa timu yanapoanzia, na naomba yasomwe kama malalamiko ya mtu anayeipenda. Mwezi Julai 2024 uongozi ulimwongezea mkataba kocha Erik ten Hag, aliyekuwa ametoka kushinda Kombe la FA dhidi ya Manchester City. Ukasajili wachezaji wa kumfaa yeye. Tarehe 28 Oktoba mwaka huohuo ukamfukuza, timu ikiwa nafasi ya 14. Dan Ashworth, mkurugenzi wa michezo aliyeanza kazi Julai, aliondoka Desemba baada ya miezi mitano tu. Katikati ya yote hayo akaletwa Amorim kutoka Sporting ya Ureno, kocha anayejulikana kwa mfumo wa mabeki watatu, akabidhiwe kikosi kilichosajiliwa kwa mfumo wa mabeki wanne na chenye mawinga ambao mfumo mpya haukuwa na nafasi yao ya asili. Ni sawa na kumbadilisha nahodha mkiwa katikati ya ziwa na kumkabidhi mtumbwi uliochongwa kwa makasia ili auendeshe kwa tanga. Washambuliaji wawili walionunuliwa kwa fedha nyingi, Rasmus Højlund na Zirkzee, walimaliza ligi wakiwa na mabao manne na matatu. Bruno Fernandes pekee alifunga mabao 19 katika mashindano yote, naye ni kiungo. Wakati huohuo Scott McTominay, aliyeuzwa Napoli mwezi Agosti 2024, alikuwa akifunga karibu kila tulipomkumbuka. Alimaliza ligi ya Italia akiwa na mabao 12, akatwaa ubingwa na kuchaguliwa mchezaji bora wa ligi hiyo. Siku Napoli wanatangazwa mabingwa, tarehe 23 Mei 2025, zilikuwa zimepita siku mbili tu tangu sisi tupoteze fainali yetu. Mzee alionyesha mechi hiyo ya Napoli bila kutoza kiingilio. Mashabiki wengi wa United walikuja kuitazama, na wengine walitokwa na machozi McTominay alipofunga.

Tena kuna suala la fedha. Familia ya Glazer iliinunua klabu mwaka 2005 kwa mikopo ambayo mzigo wake uliwekwa juu ya klabu yenyewe, na Sir Jim Ratcliffe aliyenunua asilimia 27.7 ya hisa mwezi Februari 2024 alikabidhiwa usimamizi wa masuala ya soka. Tulitarajia mengi kutoka kwake. Ya mwanzo tuliyoyaona ni kupunguzwa kwa wafanyakazi wapatao 250, na katikati ya msimu tiketi zilizobaki za mechi za nyumbani zikapandishwa hadi pauni 66, bila punguzo kwa watoto wala wazee. Kwa viwango vya wakati huo ni karibu shilingi laki mbili. Sisi wa Kirumba hatununui tiketi hizo, lakini tunaelewa vizuri sana maana ya bei kupanda huku bidhaa ikizidi kuwa mbovu, na tunaona tofauti tunapokaa kwenye banda ambalo kiingilio chake hakikuongezwa hata shilingi moja msimu huo, ilhali mzee alinunua betri na kupandisha mabenchi ya nyuma.

Haitakuwa haki nisipoeleza usiku ambao timu ilitulipa. Tarehe 17 Aprili 2025, katika robo fainali ya Ligi ya Europa, Manchester United waliwakaribisha Lyon baada ya sare ya 2-2 ugenini. Mechi ilianza saa 4 usiku kwetu. Banda lilikuwa limefurika kuliko kawaida, na sababu yake iko ziwani. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa katika siku za giza, mwezi unapokuwa mdogo au haupo, na hupumzika nchi kavu wakati wa mbalamwezi. Usiku huo mwezi mpevu ulikuwa umepita siku chache tu zilizotangulia, hivyo wengi wao walikuwa nyumbani na walikuja kwa makundi. Tuliongoza 2-0, tukasawazishiwa, na katika muda wa nyongeza Lyon, wakiwa pungufu kwa mchezaji mmoja baada ya Corentin Tolisso kuonyeshwa kadi nyekundu, wakafunga mawili na kuongoza 4-2. Baadhi ya watu walisimama waondoke. Dakika ya 114 Fernandes akafunga penalti. Dakika ya 120 Mainoo akasawazisha kwa shuti lililopinda hadi kona ya goli. Kabla sauti haijatulia, beki wetu Harry Maguire akaruka juu ya kila mtu na kufunga kwa kichwa, 5-4. Vumbi lilishuka kutoka kwenye bati. Mvuvi mmoja aliyekuwa karibu nami alinikumbatia kwa nguvu, akaendelea kunishika mkono hadi filimbi ya mwisho, na hatukuwa tunafahamiana. Mzee alizima projekta ikiwa inakaribia saa 7 usiku, na hakumharakisha mtu kutoka.

Fainali ilikuja tarehe 21 Mei, mjini Bilbao, dhidi ya Tottenham, timu nyingine iliyokuwa na msimu mbaya kama wetu. Siku hizo giza lilikuwa limerudi na wavuvi wamerudi ziwani, kwa hiyo mabenchi ya nyuma yalikuwa na nafasi. Brennan Johnson wa Tottenham alifunga dakika ya 42 bao ambalo hata marudio ya picha yalichelewa kueleza nani aliligusa mwisho, mguu wake au mwili wa beki wetu Luke Shaw. Kipindi cha pili Højlund alipiga kichwa kilichokuwa kikielekea golini, na beki wao Micky van de Ven akauondoa mpira akiwa hewani, karibu na mstari. Baada ya hapo tulikuwa na mpira kwa muda mrefu na hatukujua la kuufanyia. Timu iliyopoteza mechi 18 za ligi iliomba isamehewe yote kwa usiku mmoja, sisi tulikuwa tayari kuisamehe, na bado haikucheza kama inayohitaji msamaha. Sijaiona huzuni kama ile ndani ya banda lile. Mzee alipunguza sauti wakati wa sherehe za Tottenham lakini hakuzima picha, kwa sababu ndani walikuwamo mashabiki wao wachache, na nao walikuwa wamelipa.

Heshima hiyo kwa pande zote imewekwa kwa kanuni. Utani unaruhusiwa na kwa kweli unahimizwa; matusi, kurusha vitu na kumtania mtu kwa kabila lake au ulemavu wake hakuruhusiwi, na anayevunja kanuni hutolewa nje na kurudishiwa kiingilio chake ili asiwe na la kudai. Kanuni nyingine inahusu mikeka, yaani orodha za mechi ambazo watu huzibetia. Vijana wengi siku hizi huja na mkeka wa mechi kumi au zaidi kwenye simu, na mkeka ukichanika kwa sababu ya Manchester United, hasira yao huwa ya fedha iliyopotea, ambayo ni kali na ya kelele kuliko ya shabiki. Mzee amewatengea upande wa kulia, karibu na mlango, na amepiga marufuku kukopeshana fedha za kubeti ndani ya banda. Ninaunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote. Nimeona katika mabanda mengine ugomvi ulioanza na mkeka ukaishia kwa watu kupelekana polisi.

Msimu wa 2025/26 ulipoanza, klabu ilikuwa imewaleta Matheus Cunha, Bryan Mbeumo na Benjamin Šeško, na mabenchi yakajaa tena. Tarehe 27 Agosti 2025 tukacheza ugenini na Grimsby Town, timu ya daraja la nne, katika Kombe la Ligi. Wenyeji waliongoza 2-0 hadi mapumziko. Tukasawazisha mwishoni, mechi ikaenda kwenye mikwaju ya penalti, na tukatolewa kwa 12-11 baada ya mkwaju wa Mbeumo kugonga mwamba. Mikwaju ilikuwa mingi kiasi kwamba mama anayekaanga mihogo na dagaa pale mlangoni, ambaye wateja wote humwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, hata wasiokuwa Wasukuma, aliacha karai lake na kuingia ndani kutazama. Sikuwa na neno la kusema usiku ule. Kufungwa na Liverpool kunaeleweka, na kufungwa na Brighton tulikwishakuzoea, ila kutolewa na timu iliyo madaraja matatu chini, huku wachezaji wetu wapya wa mamilioni ya pauni wakiwa uwanjani, kulinifanya nione kwamba tatizo halikuwa limeondoka pamoja na msimu uliopita.

Banda lenyewe lina kasoro, na kubwa kuliko zote ni mlango mmoja. Watu zaidi ya mia wakiwa ndani ya kuta za mbao, kukiwa na nyaya za umeme juu na mafuta ya jenereta nje, mlango wa pili ni wa lazima. Nimemwambia mzee hivyo, akanionyesha mahali alipokusudia kuupasua, upande wa nyuma unaotazama karakana, na akasema anasubiri ruhusa ya mwenye kiwanja. Ningemwomba asifungue msimu mwingine kabla haujapasuliwa, na ningewaomba wateja wenzangu wamkumbushe kila wanapolipa. Choo kipo nje, ni kisafi, lakini njia ya kwendako haina taa, jambo linalowasumbua zaidi akina mama. Idadi yao imeongezeka, na wanastahili zaidi ya benchi moja la mbele walilotengewa. Joto la saa 11 jioni ni kali mno, kwa kuwa feni mbili zilizopo hazitoshi. Watoto wa shule huruhusiwa mechi za mchana tu, na hilo ni sawa.

Chakula kinatosha. Mihogo ya mayu na kachumbari yake ni vya kuaminika, dagaa wake ni wabichi wa siku hiyohiyo, na kahawa huletwa na kijana anayezunguka na birika wakati wa mapumziko.

Kwa mechi za Manchester United mteja afike mapema, angalau nusu saa kabla, hasa wakati wa mbalamwezi. Mechi zinazoanza saa 5 usiku humalizika karibu saa 7, na saa hizo daladala hazipo. Anayeishi Igoma, Buhongwa au Nyegezi apatane na bodaboda kabla mechi haijaanza, kwa sababu nauli wanayotaja baada ya filimbi ya mwisho huwa ni nyingine kabisa.